Uso kwanza, protini baadae: niliyoyaona kwenye PhD ya protini zinazonata

Kitu cha kwanza damu inachokifanya ikigusa plastiki sio kuganda. Kabla ya kuganda, ndani ya sekunde chache tu, protini zilizomo kwenye damu zinakuwa zimeshaukimbilia ule uso wa plastiki na kuupaka tabaka jembamba la nanomita chache, na kuanzia hapo seli za damu hazikutani tena na plastiki, zinakutana na protini. Iwe katheta, iwe mashine ya kusafisha damu kwa mgonjwa wa figo, iwe nyonga ya bandia ya titani, mwili unashughulika na hilo tabaka, yale yaliyoandikwa kwenye boksi la kifaa hauyajui. PhD yangu nzima imeishia kwenye hizo nanomita chache na bado nikikaa kuelezea hili jambo sichoki, nalipenda kweli.

Vijana wanaotaka kuingia huku huwa wananiuliza maswali yanayofanana, nianze na protini gani, ninunue kwa nani, mashine ipi nzuri. Sasa mimi nawarudisha nyuma, nawaambia anza na uso. Protini kama albumini, ile iliyo nyingi kwenye damu, imesomwa na watu miaka na miaka, uzito wake unajulikana (kilodaltoni 66 na nusu hivi, kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa molekyuli), umbo lake linajulikana, chaji yake inajulikana, ukiinunua inakuja na karatasi yake. Ila ule uso ulioandaa wewe asubuhi hapo mezani kwako hakuna aliyekusomea, ni wewe tu, na kama huujui basi grafu zako zote zitakazofuata huwezi kuzitetea.

Nilisoma ile PhD ya sandwichi, nusu Dar nusu Sweden, kwenye ule ushirikiano wa Sida, shirika la misaada la Sweden, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambao umesomesha watu wengi wa sayansi hapa kwetu. Upande wa Dar kazi yangu ilikuwa kaolini ya Pugu. Kwa asiyeijua, Pugu ni vilima nje kidogo ya jiji, kuna udongo mweupe mzuri sana na mahandaki ya zamani ya mgodi ambayo siku hizi wenyeji wake ni popo. Watu wanaijua kaolini kwa vyombo vya udongo na rangi na karatasi, wachache wanajua kwamba iko kwenye maabara za damu pia. Kile kipimo cha APTT cha kuangalia damu inaganda baada ya sekunde ngapi kinahitaji kitu cha kuiamsha damu, na moja ya vitu vinavyotumika ni unga wa kaolini. Nyuso zake zina chaji hasi, protini moja ya mgando inayoitwa fakta 12 ikinata pale inaamka, mlolongo mzima unaanza. Fakta hiyo ilijulikana kupitia mgonjwa mmoja wa Marekani, John Hageman, ambaye damu yake ilichelewa mno kuganda kwenye mrija wa glasi lakini mwenyewe hakuwa mtu wa kutokwa damu hovyo, Ratnoff na Colopy wakaandika habari zake mwaka 1955. Hiyo habari nilipoisoma sikulala vizuri, maana kumbe ule mrija wa glasi ulikuwa sehemu ya majibu siku zote na watu walidhani wanapima damu peke yake.

Namna ya kupima kunata ukiwa huna mashine kubwa ni hivi. Udongo unauosha, unaacha mchanga utuame, unachukua ile laini, unaikausha, unapima eneo la uso wake (kaolini huwa na kama mita za mraba 10 mpaka 20 kwa gramu, inategemea imetoka wapi na umeisafisha vipi). Halafu protini ya kiasi unachokijua unaichanganya na udongo kwenye bufa (maji yenye chumvi zinazoshikilia pH isibadilike), unatikisa, unazungusha kwenye sentrifuji, maji ya juu unayapima kwenye spektrofotometa, mashine inayopima mwanga unaomezwa na protini, kwa nanomita 280, iliyopungua ndo iliyonata. Ila hapo kwenye iliyopungua ndo pana kazi yote, kwa sababu vumbi laini la kaolini lililobaki juu linatawanya mwanga na mashine inalihesabu kama protini, yaani inakwambia protini imebaki wakati imeshanata. Na upande wa pili protini inaweza ikapungua bila udongo kuhusika kabisa. Kwa hiyo kila sampuli inataka wenzake wawili: udongo bila protini, na protini bila udongo kwenye mrija wa aina ileile, muda uleule, kutikiswa vilevile.

Hiyo ya pili watu wanairuka sana, ngoja tupige hesabu. Albumini ikijaa vizuri safu moja kwenye uso inafika kama nanogramu 200 kwa sentimita ya mraba. Ule mrija mdogo wa plastiki ukiweka mililita moja ndani, ukuta uliolowa ni sentimita za mraba 4 au 5 hivi. Zidisha, unapata kama maikrogramu moja. Sasa kama myeyusho wako una miligramu moja kwa mililita, hiyo ni sehemu moja ya elfu, haikusumbui. Ila kama unafanya kazi kwenye maikrogramu moja kwa mililita, ukuta peke yake una nafasi ya kuibeba protini yako yote kabla hujafika kwenye hicho unachokipima. Ndo maana inauzwa mirija maalum isiyonasa protini, na ndo maana mtu akisema amepima kiwango kidogo kabisa mimi naenda kwanza kwenye sehemu ya mbinu kuangalia alitumia mrija gani, ndipo nirudi kusoma mengine.

Na hili lipo mpaka wodini. Shangazi yangu ni nesi wa siku nyingi, siku moja namwelezea kazi yangu akanikatisha, "Kumbe ndo maana! Sisi dripu ya insulini tunaambiwa tupitishe ya mwanzo kwenye mpira tuimwage, ndo tumuunganishie mgonjwa." Nikamwambia ndio shangazi, insulini inanata kwenye ule mpira, miongozo mingi inataka upitishe kama mililita 20 kwanza ili ukuta ushibe, la sivyo mgonjwa mwanzoni anapata pungufu ya kile kilichoandikwa kwenye chati. Akanijibu, "Basi mngekuwa mnatuambia na sababu mwanangu, mtu akijua sababu haruki hatua." Nimelichukua hilo kama lilivyo, nikifundisha wanafunzi sasa hivi siwapi hatua bila sababu yake.

Mtu aliyenifundisha uso kuliko wote ni fundi sanifu mmoja wa maabara ya Dar, mzee wa watu, ameshastaafu. Namwamkia shikamoo mzee, anaitikia marahaba huku macho yapo kwenye vyombo vyangu nilivyoanika. Anachukua bika, analimiminia maji masafi, analigeuza. "Unaona matone matone? Bado hiyo. Maji yakitandaa bila kukatika ndo safi." Hakuna mashine hapo. Glasi safi inapenda maji, ukiigusa na kidole tu yale mafuta ya ngozi yanatosha kuyafanya maji yajikusanye. Baadae Sweden nikakutana na kifaa cha kupima pembe ya tone, kinapiga picha tone la maji likiwa limekaa juu ya uso na kompyuta inakupa nyuzi: glasi safi chini ya 10, polistirini karibu na 90, Teflon zaidi ya 100. Ni kile kile alichokuwa anakipima mzee kwa macho yake. Niliporudi Dar tukawa tunakipima kwa sindano, simu yenye kamera nzuri, taa nyuma ya tone, na programu ya bure ya ImageJ, na namba zinatoka za kuaminika kabisa ukituliza mkono na kupima matone ya kutosha sehemu tofauti za sampuli. Mtu asikwambie huwezi kuujua uso wako kwa sababu huna vifaa.

Gothenburg, huko Sweden, ndo nilikutana na mashine ya QCM-D, na pale ndo kwao hasa, ilitengenezewa chuo kikuu cha Chalmers miaka ya 1990. Ni fuwele nyembamba ya kwatzi iliyopakwa dhahabu, inatetemeka mara milioni 5 kwa sekunde, kitu kikinata juu yake mtetemo unashuka, na kwa hesabu ya Sauerbrey ya mwaka 1959 kila hezi moja inayoshuka ni nanogramu 17.7 kwa sentimita ya mraba. Unaingiza bufa, unasubiri mstari utulie, unaingiza protini, na hapo hapo unaiona inafika. Jamani ni raha. Wewe umezoea kutikisa mrija na kubahatisha kinachoendelea humo ndani halafu unawekewa kitu kinachoendelea mbele ya macho, sekunde kwa sekunde.

Ila ile mashine inahesabu na maji. Protini zikinata zinashika maji kati yao na ndani yao, na yote yanatetemeka pamoja na fuwele, kwa hiyo ukipima uso uleule kwa elipsometri, ambayo inatumia mwanga, unakuta QCM-D imekupa uzito mara mbili au hata zaidi. Fibrinojeni, protini ya mgando wa damu, ndo inabeba maji haswa, ni protini ndefu, nanomita 45 hivi. Vipimo vyote viwili viko sahihi, kimoja kinakujibu protini ni kiasi gani na kingine kinakujibu tabaka zima lenye maji yake lina uzito gani, na ukiviweka pamoja unajua tabaka lako limelowa kiasi gani. Supavaiza wangu wa kule alikuwa hakubali grafu iliyotoka kwenye mashine moja, hata iwe nzuri vipi. Kule wanaitana majina ya kwanza, profesa mzima unamuita jina lake kavu, ilinichukua muda mdomo kukubali.

Sasa turudi kwenye uso, maana dhahabu inazeeka haraka. Ukiitoa kwenye UV na ozoni, tone la maji linatandaa lote. Iache wazi hewani, zile molekyuli za mafuta zilizomo kwenye hewa ya kawaida zinakaa juu yake, baada ya muda tone linaanza kusimama, na kadiri unavyochelewa linasimama zaidi. Maana yake sampuli uliyoitumia mara tu baada ya kusafisha na ile uliyoitumia ukishatoka kunywa chai ni nyuso mbili tofauti, japo kwenye daftari umeandika dhahabu, dhahabu. Kwa hiyo kwenye daftari langu kulikuwa na safu ya muda kutoka kusafisha mpaka protini kugusa, na safu ya pembe ya tone ya sampuli pacha iliyosafishwa pamoja nayo. Hiyo safu moja imeniokoa kwenye utetezi kuliko sura nzima ya nadharia, kwa sababu mtahini aliuliza hilo hilo, na nikamfungulia ukurasa.

Kwa nini zinanata? Wengi wanakimbilia chaji, hasi na chanya, na kwa lisozaimu wako sawa. Lisozaimu ni protini ndogo, kilodaltoni 14 na kitu, ipo kwenye machozi na kwenye ute wa yai, kwenye pH ya damu ina chaji chanya, ukiipeleka kwenye kaolini au glasi yenye chaji hasi inavutwa. Lakini albumini kwenye pH hiyo hiyo ni hasi, na bado inanata kwenye uso hasi. Jibu moja ni maji: uso usiopenda maji na sehemu za protini zisizopenda maji zikikutana, maji yaliyokuwa yamebanwa pale yanaachiwa, na kuachiwa kwake ndo faida yenyewe. Jibu la pili ni ulaini wa protini. Willem Norde wa Uholanzi alizigawa protini kuwa ngumu na laini, ngumu kama lisozaimu zinabaki na umbo lake na zinataka chaji ya uso iwe kinyume na yake, laini kama albumini zinajinyoosha na kujipanga upya juu ya uso, zikipoteza umbo lake zinapata uhuru ambao unalipia ule usumbufu wa chaji. Nilipolielewa hili ndo nikaelewa kwa nini albumini inanata zaidi karibu na pH 5, pale chaji yake inapokaribia sifuri na hazisukumani zenyewe kwa zenyewe.

Hadithi ninayoipenda kuliko zote kwenye fani hii ni ya Leo Vroman. Mdachi, alizaliwa 1915, vita ikamkimbiza nchini kwao, akawa mfungwa wa Wajapani huko Indonesia ya sasa, baada ya vita akaishia New York kwenye maabara ya damu, na huku akiwa mshairi mkubwa kabisa wa Kidachi. Mwaka 1962 aliandika kwenye jarida la Nature kuhusu protini zinavyobadilisha namna uso unavyolowa, na kazi hiyo ilipoendelea ikaonekana kwamba protini iliyofika kwanza sio lazima ndo itakayobaki. Ni mambo ya harusini: majirani wanafika mapema kwa wingi wanakaa viti vya mbele, baadae ndugu wa bwana harusi wanaingia na majirani wanasogezwa. Albumini ipo nyingi sana kwenye damu, gramu 35 mpaka 50 kwa lita, inawahi. Fibrinojeni ni gramu 2 mpaka 4 tu, inachelewa ila inashika zaidi, na yenyewe baadae inaweza kuondolewa na protini nyingine ya damu, kininojeni yenye uzito mkubwa, ambayo ni chache zaidi. Kwa hiyo ukiniuliza uso wako una protini gani nami nitakuuliza dakika ya ngapi.

Hapa nina ugomvi kidogo na makala nyingi ninazopewa kuzipitia. Mtu anapima vizuri, halafu anachukua mlinganyo wa Langmuir, unaohusisha kiasi kilichonata na kiasi kilichobaki kwenye myeyusho, anapitisha mstari kwenye nukta zake, mstari unakaa vizuri, anaandika amepata nguvu ya kunata. Irving Langmuir, aliyepata Nobeli ya kemia 1932, alikuwa anaongelea molekyuli zinazokuja na kuondoka kwa uhuru, sehemu zote za uso zikiwa sawa, bila jirani kumsukuma jirani. Protini haiko hivyo, inabadilika umbo ikishatua, inasukumana, na ukisuuza kwa bufa sehemu kubwa haiondoki. Sasa unatoaje namba ya usawa, yaani ya kuja na kuondoka kulingana, kwenye kitu ambacho hakirudi? Tumia mstari kuchora ukitaka, ila kiasi cha juu kabisa ndo uripoti, na suuza uripoti kilichobaki baada ya kusuuza, hiyo inamsaidia mtu mwingine.

Wazazi wangu kwa muda mrefu walikuwa wanauliza haya mambo yanamsaidia nani. Niliwaonyesha kipimo cha malaria, kile cha haraka cha zahanati. Ile karatasi nyeupe ndani ni nitroselulosi, na ule mstari wa majibu ni kingamwili zilizonatishwa pale, hakuna gundi, ni kunata kwenyewe tu. Zinasubiri protini ya vimelea inayoitwa HRP2. Ile rangi nyekundu mara nyingi ni chembe ndogo mno za dhahabu zilizovalishwa kingamwili, nazo zimenata juu ya dhahabu. Nafasi zinazobaki wazi huzibwa na protini isiyohusika, albumini ya ng'ombe au kezini ya maziwa, ili HRP2 isinate ovyo. Yaani kipimo kizima ni kuchagua nani anate wapi. Na kingamwili ikinata vibaya, imelala kwa upande wa mikono yake ya kushikia, ipo pale lakini haifanyi kazi, mstari unafifia. Ndo maana pakiti imeandikwa isizidi nyuzi 30 au 40 na isifunguliwe kabla ya kutumia, joto na unyevu vinachezea hizo protini. Mama alisikiliza yote akauliza swali ambalo mimi naliona la kiwango cha PhD kabisa: "Sasa zikikaa stoo ya bati kijijini miezi mingi, nani anaenda kuzipima?"

Kwa anayeanza, vitu vidogo vya kila siku: bufa itoe hewa kabla ya kuiingiza kwenye QCM-D, kapovu kamoja kanaharibu mchana mzima, sentrifuji na umeme wa kukatika haviendani kwa hiyo fanya sampuli na blanki zake (wale wenzake wawili niliowataja) kwenye mzunguko mmoja, ikikatika ziharibike zote pamoja, usiunganishe nusu na nusu, protini igawe kwenye vimirija vidogo mara tu inapofika, kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara kunaizeesha, na sura ya mbinu iandike ukiwa bado maabara, sio baadae.

Kilichobaki wazi kwenye kazi yangu ni plazma nzima, yaani maji ya damu yaliyotolewa seli, juu ya kaolini ya Pugu. Mimi nilifanya protini moja moja na mchanganyiko wa mbili, sikufika kwenye plazma, na bila hapo hatuwezi kusema udongo wetu unaamsha mgando sawa na ule unaoagizwa kutoka nje kwa ajili ya APTT. Kuna chuma kwenye kaolini, kuna mabaki ya mchanga, na vyote viwili vinabadilisha uso. Kaolini ipo, spektrofotometa ipo, namna ya kuosha nimeiandika yote kwenye tasnifu. Plazma ya binadamu inahitaji kibali cha maadili, hicho kiombe mapema kabla hata hujaenda Pugu kuchota udongo, na ukienda chota sehemu zaidi ya moja ya mgodi, uandike kila mfuko umetoka wapi.